Mwatime Aliyegombana na Jasho Lake

Mwatime Mwakoyo alikuwa mtu wa kutoka jasho. Si jasho la kupanda ngazi au kubeba ndoo, hilo kila mtu analo. Yeye alitoka jasho akiwa ameketi. Alitoka jasho akisoma ujumbe wa simu, akisubiri chai ipoe, akisalimiwa na mtu asiyemtarajia. Kwao Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, watu walisema tabia hiyo aliichukua upande wa baba, ukoo wa wanaume wanaokula wali huku wamejitundika taulo shingoni kama mabondia. Lakini mwanamume akitoka jasho husifiwa kuwa mchapa kazi. Mwanamke akitoka jasho huulizwa kama ameoga.

Alikuwa ameoga. Alioga asubuhi, mchana na jioni, na kila akijifuta, taulo likawa kama linachochea zaidi. Shuleni alifanya mitihani huku leso iliyokunjwa ameifunga kwenye paji la uso ili karatasi isilowe, na bado mwalimu wa jiografia alimrudishia ramani ya Afrika ambayo nchi zote zilikuwa zimeingia baharini. Alipoolewa, aliolewa na dereva wa lori la mchanga, na huyo alikuja kumwacha kwa sababu nyingi alizozitaja waziwazi mbele ya kadhi, na moja aliyoinong'ona: kwamba kulala na Mwatime ni kama kulala juu ya mkeka ulioachwa mvuani. Kadhi akaguna. Mwatime, ambaye alisikia kila neno, akajibu kwa sauti ya kufika barazani kwamba yeye naye amelala miaka yote hiyo na lori, kwa jinsi mtu huyo anavyokoroma, na hakuna siku aliyokwenda kulishitaki.

Jambo la ajabu ni kwamba viganja vyake vilikuwa vikavu. Mvua yote ilinyesha kichwani, usoni na shingoni, ikaishia hapo. Kwa hiyo alipofundishwa na shangazi yake kuchora hina, alichora kama mtu aliyezaliwa na kijiti mkononi. Maua yake yalikuwa membamba kama nywele na matawi yake yalipanda mkono wa biharusi bila kukwama popote. Kipaji hicho ndicho kilichomtoa kwenye kufagia nyumba za watu. Alikuwa ameingia Jeddah kama mfanyakazi wa ndani, na siku moja ya Idi akawachora hina binti za tajiri wake. Binti hao wakaenda saluni, mwenye saluni akaikamata mikono yao akaigeuzageuza, akauliza nani kafanya kazi hii. Baada ya mazungumzo marefu ya wakubwa, Mwatime akabadilishiwa kafili, yaani mdhamini wake wa kisheria, kama vile mtu anavyobadilishiwa kiti, na ikama yake, kibali cha kuishi, ikaandikwa jina la Madam Ibtisam.

Ibtisam maana yake ni tabasamu. Huo ni ushahidi kwamba watu hupewa majina kabla hawajachunguzwa. Mama huyu alikuwa mwembamba, mwenye nyusi zilizochorwa juu kiasi cha kumfanya aonekane ameambiwa habari mbaya asubuhi na bado hajaizoea. Lakini alijua kazi, na alilipa. Mwatime alipanga chumba mtaa wa Kandara, hukohuko Jeddah, juu ya duka la mabegi, katika jengo lililojaa watu wa kila taifa na harufu ya kila kitunguu. Mlango wa pili kutoka wake aliishi Nyambura, muuguzi Mkenya kutoka Nyeri aliyefanya kazi katika kliniki moja ya mtaa wa Al-Mahjar. Mmoja Muislamu, mmoja Mkristo wa kanisa la wimbo mrefu, na wote wawili walikubaliana kwamba lifti ya jengo hilo haikuwa na dini yoyote.

Shida ilikuwa hewa ya Jeddah. Mji ule umekaa kando ya bahari, na kiangazi kikifika, hewa yenyewe hutoka jasho. Nguo ukianika haikauki, inabaki inafikiria. Mwatime aliyetoka jasho Msambweni alikuja kutiririka Jeddah. Saluni ilikuwa na AC, lakini taa za vioo zilikuwa kali, madam alikuwa mkali zaidi, na Mwatime akiogopa alitoka jasho mara mbili.

Siku ya balaa, msichana wa kupamba uso alichelewa. Biharusi alikuwa amelazwa kwenye kiti, macho yamefumbwa, anasubiri kope za bandia. Madam Ibtisam akasema, "Mwatime, yalla, mbandike wewe." Mwatime akainama. Akashika kope kwa kibano. Akazuia pumzi. Alilisikia tone likitoka kwenye mizizi ya nywele, likashuka katikati ya paji la uso, likafuata mwamba wa pua, likasimama kwenye ncha kama mtu anayeangalia kina cha maji kabla ya kujitosa. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Wakati huohuo biharusi akafungua kinywa ili aulize kama amependeza.

Tone likaingia.

Biharusi akafunga kinywa. Akameza. Akafumbua jicho moja, lile lenye kope.

"Hii nini?" akauliza. "Ina chumvi."

Hapana haja ya kueleza makelele yaliyofuata. Mama wa biharusi alidai maji, akadai limau, akadai kujua kama mfanyakazi ana maradhi. Walipoondoka, Madam Ibtisam alimwita Mwatime nyuma ya pazia la kuoshea nywele.

"Mimi nilifungua saluni," alisema. "Sikufungua hamamu."

"Samahani, madam."

"Nina kazi Riyadh, sherehe ya hina ya familia kubwa. Wamehama hapa Jeddah lakini hina wanataka ya hapa. Wanakutaka wewe kwa mkono wako. Ukidondosha tone hata moja juu ya binti yao, halas, mwisho. Nitakutafutia tiketi ya kurudi kwenu, ukadondoke huko."

Mwatime alirudi Kandara akiwa amelowa chepechepe, machozi na jasho vikigombania njia moja.

Ijumaa ile alikutana na Keziah, Mkenya mwenzake aliyemhudumia ajuza mmoja tajiri. Walikuwa wanakula wali kwa kuku katika mkahawa wa Wayemeni, na Mwatime akasimulia habari ya tone. Keziah alicheka mpaka punje za wali zikamtoka puani. Kisha akafungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge.

"Bibi wangu alikuwa anakojoa kama bomba lililokatika," alisema. "Anacheka, kojo. Anapiga chafya, kojo. Daktari akampa hizi. Wacha! Alikauka! Hata mate anayatafuta. Mimi nikajiambia, kitu kinachoweza kumkausha bibi yule kinaweza kukausha Jeddah nzima."

"Sasa mbona unazo wewe?"

"Amebadilishiwa zingine, hizi zinamkausha kupita kiasi. Zimebaki bure. Chukua, shoga. Huenda ukajiokoa."

Mtu mwingine angejiuliza: ikiwa zimemshinda ajuza mwenyewe, mwenye daktari wake wa kumfuata nyuma na kipimo, mimi nitaziweza? Mwatime hakujiuliza. Alizitia mkobani, na usiku ule akameza kimoja. Wala hakumwambia Nyambura, kwa sababu ndogo tu kwamba alijua Nyambura angesema nini.

Na dawa ikafanya kazi. Hilo lazima lisemwe. Kesho yake Mwatime aliamka, akajipapasa paji la uso, likawa kavu kama karatasi. Alikwenda kazini kwa miguu chini ya jua akafika uso umetulia. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijipaka poda asubuhi na jioni akaikuta palepale alipoiacha. Alijitazama kwenye vioo vya saluni kila alipopita. Aliinama juu ya wateja kwa makusudi, akainama hata pale ambapo hapakuwa na haja ya kuinama. Madam Ibtisam akamtazama, na kona moja ya mdomo wake ikapanda kidogo. Katika saluni ile, hiyo ilihesabiwa kuwa kicheko.

Lakini dawa haikujua kusoma anwani. Mwatime aliituma usoni, yenyewe ikapita kila mlango. Mate yalikauka, ulimi ukawa unanata kwenye kaakaa kama stempu. Chapati ilimkwama kooni akaisukuma kwa chai kama anayezibua karo. Choo kikafunga. Mkojo nao ukawa wa kubembelezwa: anakaa chooni, anafungulia bomba lilie ili limkumbushe mwenzake, anaimba, na bado hautoki ila kwa masharti. Kwa vile kukojoa kumekuwa kazi, akaamua kupunguza kunywa maji. Alijiona mwerevu.

Halafu macho. Vitu vya mbali aliviona sawasawa, vya karibu vikawa na ukungu. Alianza kuushika mkono wa mteja kwa mbali, amenyoosha mikono yake yote, shingo ameivuta nyuma. Mteja mmoja alijinusa kwapa akidhani ndiye tatizo. Na moyo ukawa unadunda bila sababu. Ulidunda hata mbele ya Hashim, dereva wa saluni, Mzanzibari mwenye sharubu zilizochoka, mpaka Mwatime akashituka akajiuliza kama amempenda. Alimkagua kwa wizi siku nzima. Akaamua hapana, itakuwa kitu kingine.

Safari ya Riyadh walikwenda kwa gari, kwa sababu Madam Ibtisam hakuamini kwamba ndege zinaweza kubeba mabakuli yake ya hina bila kuyaiba. Yeye alikaa mbele. Nyuma alikaa Mwatime na Maureen, msichana wa kupamba uso, yule yule mchelewaji. Njia ni ndefu na jangwa halina cha kutazama ila jangwa. Hashim alisimamisha gari kituoni akaleta chupa za maji.

"Kunywa maji, bi dada," alimwambia Mwatime. "Huku jua halipigi hodi."

"Sina kiu."

"Kiu huna, lakini midomo yako imepasuka kama ukuta wa udongo."

"Ni fasheni," Mwatime akajibu, na akafunga dirisha.

Asubuhi ya sherehe, katika chumba cha wafanyakazi cha villa ya familia ile, mtaa wa Al-Malqa, aliogopa. Aliona samani, aliona maua yaliyoletwa kwa malori, akamfikiria biharusi na ile kope. Akameza kidonge chake cha kawaida, kisha akameza kingine cha kuongezea, na kabla ya kutoka akameza cha tatu, cha bahati.

Hema lilikuwa limesimamishwa uani, jekundu na dhahabu, limezungushwa mashine za kupoza hewa. Madam Ibtisam alikuwa ameagiza wasichana wake wote wavae magauni ya mahameli mazito, mikono mirefu, nyuzi za fedha kifuani, ili waonekane wa Hijazi asilia, yaani wa upande wa Jeddah. Nje jua la alasiri la Riyadh lilikuwa linakaanga lami. Ndani palikuwa na baridi nzuri, ngoma zinalia, wanawake wanapiga vigelegele, na biharusi, binti mpole aliyeitwa Raghad, alikaa kwenye mto mkubwa wa hariri akanyoosha mkono.

Mwatime akaanza. Maua ya kwanza aliyachora kwa kumbukumbu ya vidole, maana macho yalikuwa hayamsaidii. Yakatoka vizuri. Wanawake wakasema mashallah. Ndipo mtu fulani jikoni alipowasha majiko ya kahawa ya umeme, mashine za hema zikanguruma, zikakohoa, zikazima.

"Mafi kahraba!" mtu akapiga kelele. Umeme umekwenda.

Fundi akaitwa. Fundi yuko njiani. Hema, lililofungwa pande zote, likaanza kuchemka na kujaa mvuke wa pumzi za watu. Wanawake wakajipepea kwa vifuniko vya visahani, poda zikaanza kushuka, nyusi za Madam Ibtisam zikateleza kidogo kutoka kwenye mshangao hadi kwenye huzuni. Kila mtu mle ndani alikuwa anatoka jasho. Shangazi za biharusi walimeremeta. Wapiga ngoma walilowa migongo. Mtu mmoja tu alikuwa mkavu, na alijivuna. Mwatime alikaa katikati ya watu waliolowa, uso wake umekauka kama sufuria mekoni, akajisemea kimoyomoyo: leo mmeonja.

Alikuwa anaiva, basi, ila hajui. Kichwa kiligonga. Ngoma zilizokwisha kunyamaza aliendelea kuzisikia. Tawi la hina lilipanda kutoka kiganjani kwa Raghad, likavuka kifundo, likapanda hadi kiwikoni, na lilipofika kiwikoni halikusimama. Likashuka upande wa pili, likaingia kwenye mto wa hariri, likatoa majani mawili mazuri sana.

"Dada," Raghad akasema, "mkono wako unaniunguza."

Mwatime akainua macho. Aliona hema limejaa mbuzi.

"Nani kawaacha mbuzi waingie?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa upole. Akasimama na bakuli la hina mkononi, akamwendea mama wa biharusi, akaanza kumswaga kwa pindo la gauni lake. "Sss! Toka! Toka!" Kisha akamwona Madam Ibtisam, na uso wake ukabadilika ukawa wa adabu. Akapiga magoti mbele yake.

"Kadhi," alisema, "naomba talaka yangu."

Achieng, Mjaluo wa Siaya aliyefanya kazi katika nyumba ile, alikuwa anapitisha juisi. Madam Ibtisam akamshika mkono. "Wewe! Anasema nini huyu?"

"Anaomba talaka, madam."

"Kutoka kwa nani?"

Achieng akasita. "Nadhani kutoka kwako."

Raghad ndiye aliyepiga ukelele. "Mgongo wake mkavu! Mshikeni, ni moto kama pasi!" Achieng akaweka juisi chini, akamgusa Mwatime shingoni, na utani ukamwisha. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alilipasua lile gauni la mahameli kuanzia kifuani, nyuzi za fedha zikaruka, akamburura mpaka kwenye vigae vya jikoni, akamlaza, akamwagia mtungi wa maji. Maureen akaleta ndoo ya barafu ya vinywaji, wakamjaza makwapani na kwenye mapaja. Wakampepea kwa sinia la mapochopocho, sambusa zikiwa zimesambaa sakafuni. Hashim akaitwa. Alipiga honi kutoka Al-Malqa mpaka hospitali kana kwamba amembeba biharusi mwenyewe.

Mwatime alipopata fahamu vizuri alijikuta chini ya feni, ana shuka lenye maji, dripu mkononi, na mpira wa mkojo mahali ambapo hakuupendekeza. Mfuko wa mkojo ulikuwa umejaa umetuna. Daktari, mama wa Kisudani mwenye miwani, alikuwa anamulika macho yake kwa tochi.

"Umekunywa dawa gani?"

"Ya kichwa," Mwatime akasema. Ulimi ulikuwa bado umelala.

"Mboni za macho yako zimefunguka kama za paka gizani. Kibofu chako kilikuwa na mkojo wa mtu na jirani yake. Ulikuja na joto la digrii arobaini na moja na ngozi kavu. Dawa ya kichwa haifanyi hivyo. Nauliza tena."

Mwatime akamtazama, akautazama mfuko, akaona kwamba hana siri tena duniani. Akasema yote. Daktari akasikiliza bila kucheka, jambo ambalo lazima lilimgharimu.

Nyambura alipiga simu baadaye, video, uso umejaa kioo kizima.

"Wewe mwanamke! Nasikia umemeza dawa ya kojo ya shosho wa watu!"

"Usinigombeze, mimi mgonjwa."

"Nitakugombeza mpaka uwe mzima. Sasa sikiza. Mwili wako unataka kukaa kwenye digrii thelathini na saba hivi. Si mbili zaidi, si mbili chini. Hapo ndipo kila kitu kinafanya kazi, ubongo, moyo, damu. Ukipanda kidogo tu, kuna mahali huko ndani ya ubongo panajua, panatuma habari: fungueni! Damu inakimbilia kwenye ngozi, jasho linatoka, linakauka, na likikauka linaondoka na joto. Ukipoa sana, unatetemeka ili upate moto. Ukikosa maji, figo zinabana mkojo na koo linakuitisha. Kazi hiyo mwili wako unafanya tangu uzaliwe, usiku na mchana, hauombi hata asante. Na wewe umefanya nini? Umeenda ukaufunga mikono, ukaunyima maji, ukauvalisha zulia, ukauweka ndani ya ovena."

"Mahameli," Mwatime akamsahihisha.

"Zulia! Na Keziah nitampata. Hiyo dawa inafunga mlango mmoja kila mahali ulipo. Mate, macho, tumbo, kibofu, jasho. Haiwezi kuchagua."

Mwatime akauliza kile kilichokuwa kinamuuma zaidi. "Sasa Nyambura, ningefanyaje? Ningemdondokea biharusi wa watu?"

Nyambura akavua miwani, akajifuta macho, na Mwatime akadhani analia.

"Mwatime, uko wapi saa hii?"

"Riyadh."

"Riyadh hewa ni kavu kama biskuti. Jasho huku kwetu Jeddah linakaa juu ya ngozi kwa sababu hewa imeshiba maji, haina nafasi. Huko uliko linanyonywa kabla hujaliona. Ungetoka jasho lako lote, litoke na likauke hapohapo, na hakuna mtu angejua. Kama kuna mji mmoja Saudia nzima ambao hukuhitaji hizo tembe, ni huo uliolala ndani yake."

Kumbe hakuwa analia, alikuwa anacheka.

Mwatime alitaka kukasirika, lakini alikuwa hana nguvu. Aligeuza simu kifudifudi kitandani, na sauti ya Nyambura ikaendelea kucheka ndani ya shuka.

Madam Ibtisam alikuja kumtazama kabla ya kurudi Jeddah. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mwatime alingoja kusikia habari ya tiketi.

"Nilidhani umekufa," madam alisema. "Mimi ndiye kafili wako. Unajua mtu akifa ni makaratasi mangapi?"

"Samahani, madam."

"Mama wa biharusi hazungumzi nami. Ule mto ulitoka Istanbul. Na mbele ya watu wote uliniomba talaka." Nyusi zilikuwa palepale zilipochorwa, lakini chini yake macho yalikuwa mekundu. "Kwa nini hukuniambia kwamba unaumwa?"

"Sikuwa naumwa, madam. Nilikuwa natoka jasho tu."

Madam Ibtisam alimwachia pakiti ya tende na chupa kubwa ya maji, akaiweka mahali ambapo mkono wa Mwatime ungeifikia, akaondoka bila kuaga.

Hakumfukuza. Lakini hakumsamehe upesi pia. Mwatime aliporudi Jeddah aliwekwa kwenye kuosha nywele, mahali ambapo hakuna atakayejua tone ni la nani. Alikaa huko akinuna, mpaka wateja wa hina walipoanza kumuulizia kwa jina, na wengine wakageukia mlangoni walipoambiwa hayupo. Hapo Madam Ibtisam akakumbuka kwamba yeye ni mfanyabiashara. Walipatana upya, na safari hii Mwatime naye alikuwa na masharti. Atakaa chini ya AC. Hataambiwa tena abandike kope za mtu, hata kama Maureen amechelewa mpaka kiama. Atavaa pamba nyepesi. Na atakunywa maji mbele ya wateja bila kutazamwa kama anayeiba.

Daktari wa ngozi katika kliniki ya Nyambura alimpa dawa ya kupaka usoni, ya kwake mwenyewe na kwa kipimo. Ilipunguza kama nusu. Nusu iliyobaki Mwatime aliamua kuishi nayo, kwani wamekuwa pamoja muda mrefu kuliko alivyokaa na yule wa lori. Mteja akiketi, humwambia kwanza: mimi natoka jasho, ukiona naenda kujifuta usishtuke. Wachache wamekunja uso. Mmoja, mama mnene wa mtaa wa pili, alishusha pumzi ndefu akasema alhamdulillah, akavua mtandio wake uliolowa na kuutundika kwenye kiti.

Kiangazi hiki Nyambura amepata mahali pa kumtumia Mwatime. Ijumaa moja moja hukusanya wasichana wa kazi za ndani huko Al-Mahjar, chumbani kwa mtu, chai na mandazi, awaeleze mambo ya joto, maji na kutomeza dawa za matajiri wao. Yeye akieleza, wasichana husinzia. Kwa hiyo humwita Mwatime. Mwatime husimulia, na kila akisimulia mbuzi wa hema huongezeka. Juzi walifika kundi zima, na dume mmoja mwenye ndevu alikuwa amevaa saa.

"Sasa dada," aliuliza Ashley, msichana mgeni kutoka Kitale, "hiyo dawa yenyewe ni mbaya?"

"Si mbaya. Mwenye shida ya kojo inamsaidia, daktari wake akimpimia."

"Na wewe ulikuwa na shida ya kojo?"

"Sikuwa nayo. Niliipata kwa dawa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nyambura akapiga makofi kutaka utulivu, asipate. Mwatime alingoja wanyamaze, uso unameremeta, akajifuta kwa ncha ya leso, akamsogezea Ashley birauri ya maji.

"Kunywa," alimwambia, "halafu uniulize la maana."